Mtakatifu Bernadette, Msichana Aliyejua cha Kusema na cha Kubaki Nacho

 

Parokia nyingi za kwetu zina pango la Bikira Maria. Mawe yamepangwa vizuri, juu kuna sanamu nyeupe yenye mkanda wa bluu, na chini pembeni kuna sanamu ya msichana aliyepiga magoti ameshika rozari. Baada ya Misa ya ndoa au ya Komunyo ya kwanza watu wanapanga foleni pale kupiga picha. Kila mtu anamtazama Mama aliye juu. Yule msichana wa chini tunampita tu, wengine hata tunamtundikia mkoba begani (mimi nimewahi kufanya hivyo, naomba nisamehewe). Leo tukae kidogo na huyo msichana. Ndiye Bernadette Soubirous, ambaye akina Bernadeta wote wa kwetu wanabeba jina lake.

Nimemchagua kwa sababu moja. Tangu nianze mwaka wangu wa kichungaji parokiani, swali ninaloulizwa sana na vijana halihusu Utatu Mtakatifu kama nilivyokuwa nimejiandaa. Linahusu simu. Frateri, nimeguswa kwenye mafungo, niposti? Frateri, nimeachana na mchumba wangu na watu wanauliza, niseme? Frateri, tuna mgonjwa nyumbani, niweke picha watu watuombee? Kumbe Bernadette, ambaye amefariki tangu mwaka 1879, alikutana na maswali ya namna hii kabla simu haijaingia nyumba ya mtu yeyote. Ni mmoja wa watakatifu wa kwanza kupigwa picha kwa kamera, na picha zake ziliuzwa kwa watu angali hai.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1844 katika mji wa Lourdes, chini ya milima ya Pyrenees, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake, François, alikuwa msagaji wa nafaka kwenye kinu kinachozungushwa na maji, na mama yake aliitwa Louise. Mwanzoni maisha yalikuwa mazuri tu. Baadaye biashara ikayumba, wakahama kinu, wakahama tena, na kila walipohama palikuwa pabaya kuliko pa kwanza. Mwaka 1855 kipindupindu kiliingia mjini. Bernadette aliugua, akapona, lakini akabaki na pumu iliyomtesa hadi kufa. Mwaka 1857 familia ikaishia katika chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa mahabusu, kikaachwa kwa sababu hakikufaa hata kwa wafungwa. Watu sita, chumba kimoja chenye unyevu, dirisha linatazama uani kwenye samadi. Mwaka huohuo baba yake alikamatwa kwa kushukiwa kuiba unga. Alilala ndani siku kadhaa, ushahidi ukakosekana, akaachiwa.

Nawaomba mlitafakari hilo. Mji mdogo, kila mtu anajua baba yako amewahi kukamatwa na polisi na kila mtu anajua mnalala wapi. Nimesikia watu wakisema eti faragha ni mambo ya matajiri, wenye nyumba za vyumba vingi na geti. Bernadette hakuwa hata na pazia la kujifichia. Kama alikuwa na chochote cha kwake peke yake, kilikuwa ndani ya moyo wake tu.

Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa hajui kusoma wala kuandika, hajapokea Komunyo ya kwanza, na Kifaransa hakikupanda. Alizungumza lugha ya nyumbani, Kioksitani. Ndivyo alivyokuwa tarehe 11 Februari 1858 alipokwenda kuokota kuni pamoja na mdogo wake Toinette na rafiki yao Jeanne, pale Massabielle, penye mwamba na pango kando ya mto Gave.

Tukio lenyewe mnalijua, kwa hiyo nitalipita haraka. Wenzake walivuka maji, yeye akabaki nyuma akivua soksi, akasikia kama upepo, akatazama pangoni na kumwona msichana wa ajabu amevaa nguo nyeupe. Akatoa rozari yake akasali.

Lakini angalieni kilichofuata njiani kurudi nyumbani. Aliwauliza wenzake kama wameona kitu. Hawakuona. Wakaanza kumbana: wewe umeona nini? Mwishowe akamweleza mdogo wake, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Toinette hakufika nayo hata usiku. Alimwambia mama siku hiyohiyo, na wote wawili wakachapwa fimbo. Kwa lugha ya leo, skrinshoti ya kwanza ilipigwa na ndugu wa tumbo moja. Sina hasira na Toinette, alikuwa mtoto, na huenda alimwogopea dada yake. Lakini kuanzia jioni ile jambo la Bernadette halikuwa tena mikononi mwake. Kutoka kwa mama likaenda kwa majirani, na kutoka kwa majirani likaenda mjini. Baada ya siku chache watu walikuwa wakimsindikiza pangoni, kwanza wachache, kisha mamia, na kufikia tarehe 4 Machi maelfu. Bernadette hakumwita hata mmoja wao.

Tarehe 18 Februari wanawake wawili wa mjini walikwenda naye wakiwa wamebeba kalamu, wino na karatasi. Walitaka yule Bibi aandike jina lake na anachotaka. Bernadette akanyoosha karatasi kama alivyoagizwa. Yule Bibi akacheka kidogo akasema hakuna haja ya kuandika. Nakipenda sana kipande hiki. Watu walitaka kitu cha kushika na kuonyesha wengine, yaani ushahidi. Walichopewa ni ombi la adabu tu kwa msichana asiyejua kusoma: awe na wema wa kuja hapo kwa siku kumi na tano.

Tarehe 21, siku ya Jumapili, kamishna wa polisi aliyeitwa Jacomet alimchukua kwa mahojiano. Huyu alikuwa mtu mzima, msomi, mwenye uzoefu wa kuwabana wezi. Aliandika maelezo, kisha akamsomea huku amebadilisha mambo hapa na pale ili amkamate kwa kujipinga. Msichana akamsahihisha kila mahali: hapana bwana, hivyo sikusema. Akatishiwa jela. Hakulia, hakuongeza neno, hakupunguza. Na zaidi ya yote, hakusema kwamba amemwona Bikira Maria. Mji mzima ulikuwa umeshaamua hivyo, yeye bado alikuwa anasema kwa lugha ya kwao kwamba ameona kile kitu, kwa sababu jina hakuwa ameambiwa. Hakuposti zaidi ya alichokiona. Sisi tukihisi tu joto kidogo moyoni kwenye Ibada ya Kuabudu, kesho yake tumeshaandika kwamba Mungu ametuambia hivi na hivi.

Katika siku zile alipewa mambo ya aina mbili, na hapa ndipo ninapotaka mtulie nami.

Aina ya kwanza yalikuwa mambo ya kupeleka kwa watu. Toba. Kuwaombea wakosefu. Kunywa na kunawa kwenye chemchemi. Tarehe 2 Machi akaagizwa awaambie mapadre wajenge kikanisa na watu waje kwa maandamano. Paroko, Padre Peyramale, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkali wa sauti, na Bernadette alimwogopa kuliko kamishna. Alikwenda, akafokewa, akatoka mbio, na njiani akagundua kwamba kwa woga amesahau sehemu ya kikanisa. Mimi hapo ningemwandikia paroko ujumbe mfupi nikazima simu. Yeye alirudi tena siku ileile kwenda kumalizia. Tarehe 25 Machi, alipoambiwa hatimaye jina la Bibi yule, yaani Mkingiwa Dhambi ya Asili, maneno hayo hakuyaelewa kabisa, akawa anayarudiarudia njia nzima asije akayasahau mpaka alipomfikia paroko. Kanisa lilikuwa limetangaza fundisho hilo miaka minne tu nyuma, mwaka 1854, na msichana ambaye hata katekisimu ya Komunyo haijamwingia hakuwa na mahali pa kulitoa.

Aina ya pili yalikuwa mambo ya kwake. Yule Bibi alimpa siri tatu, zinazomhusu yeye mwenyewe, asimwambie mtu yeyote. Akamfundisha pia sala ya kwake peke yake, ambayo Bernadette aliisali kila siku mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa fikirieni watu walivyohangaika na siri hizo. Walimwuliza makasisi, wakamwuliza mahakimu, wageni wenye vyeo, na baadaye masista. Wengine walimzunguka kwa ujanja: je, Papa akikuuliza utamwambia? Jibu lake lilikuwa kwamba ameambiwa asimwambie mtu, na Papa ni mtu. Hakulisema kwa jeuri. Ni mantiki ya mtoto wa shule ya msingi, lakini nimekaa miaka mitatu darasani nikisoma mantiki na sijaona pa kuitoboa. Kuna aliyejaribu kumpa mtego kwamba anayeficha hasemi kweli. Hapana. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatenganisha vizuri: kusema uongo hakufai kamwe, lakini kuihifadhi kweli kwa busara ni jambo jingine. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ukifungua namba 2489, utakuta kwamba mtu asiye na haki ya kujua ukweli fulani hatudai tumfunulie. Bernadette hakuwahi kusoma namba hiyo. Aliishi tu hivyo. Kwa yale ya kupeleka, hata hofu ya paroko haikumziba mdomo. Kwa yale ya kubaki nayo, hata heshima kwa wakubwa haikumfungua mdomo.

Ukiangalia stetasi zetu, mara nyingi tumegeuza. Kuomba radhi hadharani kwa uongo tuliousambaza hadharani tunaona aibu. Kumtetea mwenzetu anayesemwa vibaya kwenye grupu tunanyamaza. Lakini ugomvi wa ndani na mchumba, machozi ya usiku, na ule mguso mdogo wa Mungu ambao bado hata haujaota mizizi, hayo yako hewani kabla ya chai ya asubuhi.

Turudi Lourdes. Bibi alimtokea mara kumi na nane, mara ya mwisho tarehe 16 Julai 1858. Maono yakaisha. Wageni hawakuisha. Walifika hadi kwenye kile chumba. Walitaka awaguse rozari zao, awabariki watoto wao, wengine walitaka kipande cha nguo yake au nywele. Walimtilia fedha mkononi na yeye akawarudishia, ingawa nyumbani kulikuwa na njaa. Mdogo wake wa kiume aliwahi kupokea hela kutoka kwa wageni matajiri. Bernadette alimzaba kofi na kumwamuru akazirudishe. Hebu lipimeni hilo na mambo ya leo ya kugeuza kila neema kuwa maudhui ya kuingiza kipato. Sisemi mtu asilipwe kwa kazi yake halali mtandaoni. Nasema yeye alijua kwamba kile kisima hakikuwa chake cha kuuza.

Mwaka 1860 alipelekwa kuishi kwa Masista wa Nevers waliokuwa na hospitali na shule hapo Lourdes. Hapo alijifunza kusoma na kuandika. Wageni wakawa kwa ratiba. Aliitwa sebuleni, akasimulia, akakohoa, akasimulia tena. Alisimulia kwa maneno yaleyale, mafupi, bila chumvi. Tarehe 18 Januari 1862 Askofu Laurence wa Tarbes akatangaza rasmi kwamba maono yale ni ya kweli, na watu wakazidi.

Na ndipo zikaja kamera. Walimvalisha nguo za kwao vizuri, wakampigisha magoti, wakampa rozari, wakamwelekeza atazame juu kama alivyokuwa akitazama pangoni. Picha zile zipo hadi leo, mtu yeyote anaweza kuziona. Tazama uso wake. Ni msichana anayetii, basi. Zilichapishwa na kuuzwa kwa bei ya chini sana, na aliposikia bei yake alitania kwamba hiyo ndiyo thamani yake yote. Hakugombana na wapiga picha. Hakuzikusanya pia. Picha yake ilizunguka, ile sala aliyoisali kila siku haikuzunguka. Mwaka 1864 walipoweka pangoni sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa na Fabisch, ile ambayo nakala zake ziko katika mapango yetu, kila mtu aliisifu, Bernadette akasema kwa upole kwamba sivyo alivyokuwa. Hapo alisema, kwa sababu aliulizwa juu ya jambo la wote, na kukubali tu kungekuwa uongo.

Hapa naomba niseme la kwangu, kisha niendelee.

Miaka miwili iliyopita baba yangu alilazwa, hali ilikuwa mbaya. Nilikuwa zamu ya kukaa naye. Usiku nikampiga picha akiwa amelala mdomo wazi, oksijeni puani, na pembeni ya kitanda mfuko wa mkojo unaning'inia. Nikaiweka stetasi na kwenye magrupu manne, na chini nikaandika ombi la sala. Nia yangu ilikuwa njema, naamini hivyo bado. Watu walisali sana. Baba akapona, akarudi kijijini. Sasa, baba yangu ni mzee ambaye hajawahi kutoka nje ya nyumba bila kufunga kifungo cha juu cha shati. Siku moja kijana wa jirani akamwonyesha ile picha kwenye simu, kwa upendo tu, kumwambia tulikuombea mzee. Baba akanipigia. Nikaamkia. Hakukasirika. Aliniuliza tu ni nani aliyewapa watu picha ile. Nikasema ni mimi, baba, nilitaka wakuombee. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema nifikishe salamu kwa wenzangu, akakata. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu Toinette kwamba hakufika nayo hata usiku, siandiki kwa kumcheka.

Na kuna kitu sikukiona wakati ule. Kila ninapofikiria faragha, nilikuwa nafikiria yangu. Ugonjwa wa baba haukuwa wangu wa kutoa. Sala ningeweza kuomba kwa mstari mmoja: mzee wangu anaumwa, mkumbukeni. Mungu hahitaji kuona mfuko.

Tarehe 4 Julai 1866 Bernadette aliondoka Lourdes kwenda utawani Nevers, mbali kaskazini. Pangoni hakurudi tena katika maisha yake. Alisema wazi kwamba amekwenda kule kujificha. Watu wengine walimwona kama amekimbia utume. Angebaki, si angewaleta wengi kwa Mungu? Hiyo hoja mnaijua, ndiyo tunayojipa kila tunaposita kufunga akaunti. Yeye aliona kazi aliyopewa ya kupeleka ujumbe imekwisha, paroko anao, askofu anao, kanisa linajengwa.

Siku moja baada ya kufika, masista walikusanywa, naye akiwa bado na mavazi yake ya Lourdes akasimulia habari nzima mbele yao. Kisha ikatolewa amri kwamba asiizungumzie tena, na wao wasimwulize. Mwishoni mwa Julai akavaa mavazi ya kitawa na kuitwa Sista Marie-Bernard. Ile simulizi ilikuwa imegeuka kuwa mali ya Kanisa, naye akapewa nafasi ya kuwa novisi wa kawaida.

Haikuwa rahisi, na hapa nataka nisiwafiche kitu. Mlezi wa wanovisi, Mama Marie-Thérèse Vauzou, alikuwa mwanamke mwema na mlezi mwenye sifa, ambaye wanovisi wengi walimfungulia mioyo yao yote. Alimsubiri Bernadette kwa hamu. Alitegemea mtu aliyezungumza na Mbingu atamimina hazina zote kwake. Bernadette hakuwa mtu wa kumimina. Alijibu alichoulizwa, akatii, akafanya kazi yake. Mama Vauzou akaumia, akawa baridi kwake, na baridi hiyo ilidumu miaka. Bernadette aliihisi sana. Mnaona, kubaki na jambo moyoni kuna gharama. Kuna watu wanaotupenda ambao hupima upendo kwa siri tunazowapa, na tukibana kidogo wanaona tumewakataa. Sijui kama Bernadette angeweza kumpa mlezi wake zaidi kidogo bila kuvunja agizo. Pengine ndiyo. Watakatifu nao wana tabia zao, na yeye alikuwa mtu wa milimani, mkavu kidogo, mwepesi wa jibu. Alichofanya ni kuivumilia ile baridi bila kumsema mlezi wake kwa wenzake.

Alipoweka nadhiri, tarehe 30 Oktoba 1867, wenzake walipangiwa vituo mbalimbali. Yeye mbele ya askofu alitajwa kama mtu asiyefaa kitu, akabakizwa nyumba mama na kupewa kazi ya kusali. Baadaye akawa msaidizi wa wagonjwa, kisha mhudumu mwenyewe, na nguvu zilipopungua akahudumu sakristia. Alijua dawa, alijua kuwachekesha wagonjwa, na alidarizi vizuri sana.

Wageni hawakukoma kufika Nevers wakitaka kumwona. Kuna mmoja, husimuliwa hivi, alimkuta sista mfupi akamwomba amwonyeshe Bernadette. Sista akamjibu atazame tu mlango ule, atamwona akipita sasa hivi. Kisha akapita yeye mwenyewe mlangoni, akaenda zake. Nikicheka kisa hiki nakumbuka kwamba hakusema uongo hata kidogo. Siku nyingine sista mwenzake alimwonyesha picha ya pango la Lourdes, watu wamejaa. Bernadette akamwuliza ufagio ukishatumika unawekwa wapi. Mwenzake akashangaa, akasema nyuma ya mlango. Basi, Bernadette akasema yeye ndiye ufagio huo. Bikira Maria amemtumia, amemrudisha mahali pake, naye ana furaha pale. Mwaka 1876 kanisa kubwa la Lourdes lilipowekwa wakfu na umati mkubwa kuhudhuria, yeye alikuwa Nevers nyuma ya mlango wake.

Mwisho ulikuwa mchungu. Pumu, kutapika damu, kifua kikuu kwenye mfupa wa goti. Hata wakati huo walikuja kumhoji juu ya maelezo madogo madogo ya mwaka 1858, na mengi alikuwa ameyasahau, akasema ameyasahau. Siri hakuzisahau na hakuzisema. Alifariki tarehe 16 Aprili 1879 akiwa ameketi kwenye kiti, kwa sababu kitandani maumivu yalimzidi. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Papa Pius XI alimtangaza mwenye heri mwaka 1925 na mtakatifu tarehe 8 Desemba 1933, Sikukuu ya Mkingiwa. Mwili wake uko Nevers ndani ya sanduku la kioo, usoni umefunikwa nta nyembamba, na mahujaji wanapita kumtazama. Aliyetaka kujificha sasa anaonekana na yeyote, na ile sala bado haijulikani.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni moja tulikaa barazani na baba tukipukuchua mahindi, nikamsimulia habari hizi zote, pamoja na ufagio na yule mgeni wa mlangoni. Alicheka sana kwa yule wa mlangoni. Kisha akataka kujua ile sala ilikuwa inasemaje. Nikamwambia hakuna anayejua, baba, alikufa nayo. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika, akachukua gunzi jingine. Baada ya muda akaniuliza, bila kunitazama, kama ile picha ya hospitali nilishaifuta. Nikamwambia kwenye simu yangu nimeifuta. Kwenye simu za watu sijui.